Malalamiko Kuhusu Shingo Zinazogeukia Mlango wa Nyuma

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Baraza la Wazee wa Nyumba ya Ibada.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natanguliza heshima zangu kwako, kwa wajumbe wote wa baraza, na kwa mama yetu wa hapo nyumbani kwako, ambaye mara ya mwisho nilimwacha akilalamikia magoti. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na ukifika mwisho wa barua hii utakubali kwamba uchovu wangu una sababu.

Kama unavyokumbuka, baraza lako liliniteua kuwa Msimamizi wa Kundi letu la mtandaoni, juu ya kazi yangu ya siku zote ya kuendesha mitambo ya sauti na kusoma matangazo baada ya ibada. Niliipokea kazi hii kwa mikono miwili. Lengo la kundi tuliliandika pale juu kabisa, kwa maneno yako mwenyewe: "Kuwapa waumini mahali pa kusema." Nasikitika kukuarifu kwamba waumini wamelichukua lengo hilo kama lilivyoandikwa, na wamesema.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo. Nimeyapa namba, kwa kuwa baraza lilipitisha kwamba lalamiko lisilo na namba halitapokelewa, na pendekezo hilo lilikuwa langu.

1. Swali la fundi cherehani

Fundi cherehani mwenye kibanda kinachotazamana na mlango wetu wa nyuma, ule wa upande wa wanawake, ni dada yangu wa tumbo moja. Nalisema mapema ili kesho nisiambiwe nilificha undugu. Tumelala kitanda kimoja utotoni na alinifundisha kufunga kamba za viatu. Hayo hayahusiani na kanuni.

Mlango ule, kama ujuavyo, hutiwa kufuli kwa nje mara ibada inapoanza, kwa sababu wanawake walikuwa na tabia ya kutoka kabla ya matangazo. Sisemi matangazo yangu ni marefu. Nasema tu kwamba tangu kufuli liwekwe yanasikilizwa na watu wengi zaidi.

Sasa, mama yetu mzazi, wangu mimi na dada, ana pumu, na hukaa safu ya mwisho karibu na mlango huo kufuata upepo. Siku moja alibanwa kifua nikiwa katikati ya tangazo la usafi. Wanawake walimbeba hadi mlango wa nyuma, wakakuta kufuli, wakageuka naye, wakampitisha juu ya viti, wakakatiza upande wa wanaume hadi mlango mkuu. Huko nje alipata nafuu. Mimi tangazo lilikuwa limebaki kidogo, nikalimalizia.

Jioni yake dada aliandika kwenye kundi hivi: "Wazee wetu shikamooni. Naomba kuuliza tu, ule mlango wa nyuma unafungwa kwa faida ya nani? Leo mama yangu nusura atutoke mikononi. Siku moto ukiwaka humo ndani tutapitia wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Mheshimiwa, ukilisoma haraka utadhani ni swali la adabu. Mimi nililichambua. Kwanza, limetaja moto ndani ya nyumba ya ibada, jambo ambalo linatia watu hofu. Pili, limetaja ufa, wakati kamati ya ujenzi ilituhakikishia kwamba jengo halina ufa. Tatu, limeuliza. Nikalifuta. Akaliandika tena vilevile, hata nukta hakubadilisha. Ndipo nikamwondoa yeye.

Mama alinipigia simu kesho yake akaniambia, "Mwanangu, aliyekosa pumzi ni mimi, si hilo kundi lenu." Nilimweleza kwamba masuala ya hewa yako chini ya kamati ya ujenzi, na nikamtumia utaratibu wa kuwaandikia. Tangu siku hiyo haji tena. Anafanya ibada nyumbani, dirisha likiwa wazi, na kila nikienda kumjulia hali ananikaribisha chai kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni. Hilo linaniuma, sitaficha.

2. Uso unaocheka

Baada ya hapo niliweka tangazo fupi kwenye kundi: "Mlango wa nyuma si mada." Naibu wangu, yule muuza simu wa pale njia panda, akabandika chini yake ile picha ndogo ya uso unaocheka hadi machozi. Nilimwita pembeni nikamuuliza anamcheka nani. Akajibu, "Kaka, kidole kiliteleza."

Kidole cha binadamu kinaweza kuteleza. Lakini kidole hichohicho kiliteleza kwenye matangazo yangu yote ya wiki ile, pamoja na lile la kuomba radhi kwa usumbufu. Nikamwondoa. Nafasi yake sijaijaza, kwa kuwa nilipoanza kutafuta mtu ambaye hajawahi kucheka, sikumpata.

3. Maua ya Mzee Makufuli

Huyu ndiye mshika funguo wetu, tena msimamizi mwenzangu wa kundi, na watu wamemzoea kwa jina hilo hata mkewe. Kila alfajiri alikuwa anatuma kwenye kundi picha ya maua yenye maneno "Amkeni salama." Sikuwa na neno naye. Ila asubuhi moja alituma picha ya bustani, na nyuma ya maua, ukitazama vizuri, palikuwa na mlango. Tena ulikuwa wazi.

Waumini wengi sana waliipenda picha ile, wakiwemo watu ambao hawajawahi kupenda kitu chochote. Mzee Makufuli aliapa kwamba yeye aliona maua tu. Namwamini, macho yake si mazuri. Hata hivyo nilichukua simu yake kwa ukaguzi, na ipo kwenye kabati la chumba cha mitambo mpaka leo. Hakulalamika. Anasema siku hizi analala vizuri.

4. Kanuni ya idhini

Kutokana na hayo niliweka kanuni kwamba ujumbe wowote hautaonekana kwenye kundi mpaka wasimamizi wawili waukubali, yaani naibu na Mzee Makufuli. Nilijiweka na mimi chini ya kanuni hiyo, nisije nikaonekana napendelea. Tangu hapo hakuna hata ujumbe mmoja uliopita. Kundi limetulia. Nayahesabu haya kuwa mafanikio, na ningefurahi baraza likiyaandika hivyo.

5. Ukurasa wa dada

Baada ya kuondolewa kwenye kundi, dada alifungua ukurasa wake mwenyewe mtandaoni. Kila siku ya ibada, akiwa pale pale kwenye cherehani, anapiga picha ya kufuli la mlango wa nyuma na kuiweka. Haandiki neno. Ni kufuli tu, wiki hii likiwa na vumbi, wiki ijayo lina matone ya mvua, wiki nyingine kuna kinyonga amekaa juu yake. Ile ya kinyonga ilisambaa hadi kwa watu wasio waumini.

Nilipeleka taarifa kwa wenye mtandao kwa kubonyeza kile kitufe cha kushtaki. Wakanijibu kwamba picha ya kufuli haijavunja kanuni zao. Nikashtaki tena. Nikawaomba na mashemeji washtaki, wakasema watatazama, na nadhani walitazama kweli, maana siku hiyo kinyonga aliongezewa wapenzi. Nikaendelea kushtaki asubuhi na jioni, hadi wenye mtandao walipoifungia akaunti yangu isitumie tena kitufe kile, kwa kosa la kukitumia vibaya.

Mheshimiwa, hebu fikiria. Hawakunisikiliza. Hawakunieleza nimekosa wapi. Hakukuwa na mtu wa kumwendea, ni maandishi tu yanayosema "uamuzi huu ni wa mwisho." Nilikaa kitandani nikijihisi mnyonge kabisa. Sijui watu wanaotendewa hivyo wanavumiliaje.

6. Kimya, kikohozi na shingo

Hapa ndipo mambo yalipohama mtandaoni na kuingia ndani ya ukumbi. Mimi baada ya matangazo huuliza, "Kuna mwenye swali?" ili tu kufunga kwa adabu. Zamani wanawake walikuwa wakinong'ona, mara mtoto analia, mara mtu anatafuta kiatu. Siku hizi nikiuliza hivyo upande wao wote unanyamaza kwa pamoja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa kuwa mshindo hauruhusiwi, naona busara tuanze kuzuia kimya chenyewe.

Nilipowaonya kuhusu kimya, wakaanza kukohoa. Kikohozi si neno na hakifutiki. Tena kilikuwa kinasikika barabarani, na wapita njia wakawa wanasimama kwenye kibanda cha dada kuuliza humo ndani kuna ugonjwa gani. Ndiyo maana niliomba, na baraza likaridhia, kuta na madirisha ya upande ule yazibwe kwa sponji za magodoro. Kazi imefanyika vizuri. Nilimweka Mzee Makufuli ndani apige kelele, mimi nikakaa nje, na sikusikia chochote. Alipotoka alisema alichoka mapema akakaa kimya, kwa hiyo sina hakika kama jaribio lile ni halali.

Kikohozi kikaisha. Zikabaki shingo. Nikifika kwenye maneno "mtulie hadi mwisho wa matangazo," shingo zote za upande wa wanawake zinageuka taratibu kuutazama mlango wa nyuma, zinakaa huko kidogo, kisha zinarudi. Hakuna anayesema kitu wala kufanya kitu. Wiki iliyopita niliona shingo za wanaume pia, na mojawapo, uniwie radhi, ilikuwa yako. Na mimi mwenyewe nilijikuta nimegeuka.

7. Mahubiri

Hili naliandika kwa unyenyekevu. Kiongozi wetu wa ibada ni mtu wa Mungu na sauti yake hainipi shida kwenye mitambo. Lakini katika mahubiri ya juzi alisema kwamba moyo wa mwanadamu ni kama nyumba, na nyumba ina mlango. Alipotamka neno hilo, wanawake waliitikia "Amina" kwa nguvu hadi mshale wa kipimo cha sauti ukagonga mwisho. Alishangaa, maana alikuwa bado hajafika kwenye hoja. Akafurahi, akalirudia. Ikawa hivyo hadi akasahau hoja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naliomba baraza lako lipitishe haya:

(a) Shingo zielekee mbele wakati wote wa matangazo. Mwenye ugonjwa wa shingo alete cheti.

(b) Mahubiri yaletwe kwangu kabla ya ibada, nami nitaondoa milango, vizingiti, bawaba, funguo na aina zote za kuingia na kutoka. Moyo unaweza kufananishwa na kitu kingine. Ndoo, kwa mfano.

(c) Yeyote atakayesikia, kuona au kuokota habari yoyote inayohusu mlango wa nyuma, hata ikiwa ya kweli, asiifikishe kwa mtu mwingine mpaka niithibitishe mimi mwenyewe, ana kwa ana, nje ya ukumbi. Kanuni hii nimekwisha kuibandika ukutani nje, kando ya mlango huo, nikisubiri idhini yako, na watu wameanza kuizoea.

(d) Dada aandike barua ya kuomba radhi. Akiandika nitamrudisha kwenye kundi, ambako hataweza kusema kitu, lakini atakuwa amerudi.

Sina kinyongo na mtu. Nataka tu nyumba yetu iwe na utulivu, na mtu akipita nje aseme, hawa watu hawana tatizo lolote, hawasikiki. Mama naye arudi mahali pake pale safu ya mwisho, anitazame nikisoma matangazo kama zamani. Nadhani kukiwa na utaratibu mzuri atarudi.

Nakuachia haya mikononi mwako, nikiamini hekima yako itayapima. Nisalimie mama na magoti yake, wajumbe wote wa baraza, kamati ya ujenzi, kiongozi wa ibada, wakwe zako wale niliokaa nao meza moja, na jirani yako mwenye jogoo. Wanaonicheka nao wasalimie, bila kuwataja.

Ni mimi mtumishi wako,

Msimamizi wa Kundi, Fundi Mitambo na Msoma Matangazo.

Nyongeza:

Mheshimiwa, nilipomaliza kutia sahihi nilikusanya vitu vyangu niondoke, nikakuta nimefungiwa. Nilikuwa nimekaa chumba cha mitambo nikiandika kwa utulivu, na inaelekea Mzee Makufuli alichungulia ukumbini, hakusikia mtu, akafunga mlango mkuu na ule wa nyuma kama ilivyo kawaida ya siku zisizo za ibada, akaenda zake. Simlaumu. Kwa zile sponji, hata ningekuwa mimi nisingesikia kitu.

Nilimpigia simu. Ikaita ndani ya kabati, hapa hapa pembeni yangu, na kwenye kioo pakatokea maua, na chini yake ombi la namba ya siri ambayo siijui.

Nikaandika kwenye kundi: "Nimefungiwa ukumbini, naomba msaada." Ujumbe unasubiri kukubaliwa na wasimamizi wawili. Nikampigia mama watoto. Tangu nimwondoe wifi yake amenizuia kwenye simu yake, kwa njia ileile niliyomfundisha kwenye semina ya usalama mtandaoni. Nikampigia mama, sikuwahi kumaliza neno la kwanza, betri ikazima. Na wewe, Mheshimiwa, hupokei malalamiko kwa simu. Ndiyo maana nimeona nikuandikie nyongeza hii.

Nimekaa chini, nimeegemea mlango wa nyuma. Ule mlango mkuu ni mnene na umetazama ua tupu, ila huu una upenyo kwa chini, na ndio unaotazama barabara. Kuna joto ambalo sikulijua nikiwa kule mbele kwenye feni. Madirisha hayafunguki kwa sababu ya sponji. Nimejaribu kuibandua moja, kazi imefanyika vizuri mno. Hapa ndipo kiti cha mama kilipo. Nimekikalia kidogo kisha nikarudi sakafuni, maana huku chini ndiko kwenye hewa. Mheshimiwa, naogopa. Sina namba ya kuliwekea jambo hili.

Nimepiga kelele. Nimekohoa. Nimeugonga mlango kwa kiatu. Wapo waliopita karibu kabisa, nimeona miguu yao. Mmoja alisimama, akasoma ile kanuni (c) niliyoibandika nje, akaisoma kwa sauti hadi mwisho, akaendelea na safari. Ni muumini mzuri na sitaki aadhibiwe.

Basi nimeanza kupitisha kurasa za barua hii chini ya mlango, moja baada ya nyingine, ili yeyote atakayeziokota akuletee. Ulipopita ukurasa wa kwanza, mlio wa cherehani upande wa pili wa barabara ulikatika. Ulipopita wa pili nikaona viatu. Navijua viatu hivyo, kamba zake zimefungwa kwa fundo la utotoni kwetu. Vimesimama hapo muda wote anasoma. Nimemwita, "Dada." Nimemwita tena. Hajajibu kitu, na siwezi kumlaumu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwandikia kwamba hana ruhusa ya kusema lolote kuhusu mlango huu.

Sasa hivi amesogea karibu na kufuli. Nimesikia simu yake ikilia ule mlio wa kupiga picha.

Mheshimiwa, naliomba baraza, na wenye mtandao, na mashemeji, na mtu mwingine yeyote mwenye kitufe: picha ile isifutwe. Isambazwe kwa kila mtu, waumini na wasio waumini, na wote waseme chochote wanachotaka chini yake, hadi imfikie mwenye funguo.